Picha za nyota usiku: kwa nini nyota zangu zinatoka kama punje za mchele?

#1 Kijana wa Tegeta
Wakuu habari za jioni, niende kwenye mada moja kwa moja. Nina Canon 600D ya mtumba niliichukua Kariakoo, lenzi ni ile ile ya 18-55 inayokujaga na kamera, tripodi ni hizi nyepesi za kawaida. Juzi nilikuwa Bagamoyo, mwezi haukuwepo kabisa, nikatoka ufukweni saa 3 usiku nikaelekeza kamera kusini kwenye zile nyota za Msalaba wa Kusini. Setingi zangu 18mm, f/3.5, sekunde 30, ISO 1600. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera picha ilikuwa tamu balaa, nafika nyumbani naizumu kwenye laptopu nakuta nyota zote za juu zimevutika kama punje za mchele, ila zile za chini karibu na maji ziko duara safi. Halafu kuna mwanga wa rangi ya chungwa umekula robo nzima ya chini. Sasa ni lenzi mbovu, ni setingi, au ndo nimeuziwa kanyaboya? Wajuzi naombeni mnisaidie.

#2 Mzuka Mtupu
Naweka kigoda hapa, wajuzi wakifika mnishtue.

#3 FundiLenzi
Lenzi yako nzima, usiitukane. Tatizo ni hizo sekunde 30. Dunia inazunguka mkuu, nyuzi 15 kila saa, wewe umeacha shata wazi nusu dakika unategemea nyota zikusubiri? Kuna hesabu ya 500: unachukua 500 unagawanya kwa milimita za lenzi, na kwa vile Canon yako ni ya sensa ndogo hizo milimita unazizidisha kwanza kwa 1.6. Yaani 18 mara 1.6 ni 28.8, 500 gawa kwa hiyo ni sekunde 17 na ushee. Weka 15 ulale usingizi.

#4 Shangazi Pikseli
Fundi hiyo 500 ni ya enzi za filamu na picha za kuchapa ndogo ndogo, siku hizi mtu akizumu mpaka mwisho lazima aone mkia. Iko nyingine wanaiita NPF, inahesabu na tundu la lenzi na ukubwa wa pikseli. Toleo lake jepesi ni hivi: 35 mara namba ya f, jumlisha 30 mara ukubwa wa pikseli kwa mikroni, halafu gawa kwa milimita za lenzi. 600D pikseli yake ni kama mikroni 4.3, kwa hiyo (35×3.5 + 30×4.3) ÷ 18 inakupa sekunde 14. Na nimekupigia hesabu ya picha yako hiyo hiyo: kwa 18mm pikseli moja inafunika kama sekunde-tao 49 za anga (sekunde-tao ni kipimo kidogo cha pembe, siyo cha muda), nyota iliyoko kwenye ikweta ya anga inahama sekunde-tao 15 kila sekunde, mara 30 ni 450, gawa kwa 49 unapata pikseli 9. Hizo 9 ndo punje yako ya mchele.

#5 Mtu wa Rongai
Hesabu mob hivi, tuko KCSE ama? Mimi naona ni tripodi. Umesema ni nyepesi, uko ufuoni na huu upepo wa kusi, na bila shaka ulibonyeza shata na kidole. Weka taima ya sekunde 10, ile nguzo ya katikati usiivute juu, ufunge dumu la maji la lita 5 hapo kwa ndoano ya chini. Na uzime IS ya lenzi, ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono, kamera ikiwa kwa tripodi hiyo kitu huanza kutafuta mtikisiko wenye haupo.

#6 Kijana wa Tegeta
Asanteni wakuu. Ila hakuna aliyenijibu kuhusu zile za chini. Kama ni dunia kuzunguka, inazunguka juu tu chini imesimama? Na kama ni upepo, ulipiga nusu ya kamera?

#7 Mzuka Mtupu
Hahahaaa upepo wa kupiga nusu ya kamera. Rongai jibu hoja.

#8 Binti Pangani
Mleta mada swali lako ndo zuri kuliko majibu yote ya hapo juu. Anga lote linazunguka ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Sisi huku tuko karibu na ikweta kwa hiyo ncha zote mbili zimelala chini kwenye upeo. Bagamoyo iko kama nyuzi 6 na nusu kusini, basi na ncha ya kusini iko nyuzi 6 na nusu tu juu ya maji, hapo hapo ulipoelekeza kamera. Nyota zilizo jirani na ncha zinazunguka mduara mdogo, kwa hiyo ndani ya sekunde 30 zinasogea kidogo sana. Msalaba uko kama nyuzi 60 kusini ya ikweta ya anga, unatembea nusu ya mwendo wa nyota za utosini. Kadiri unavyopanda juu kwenye picha ndo mwendo unaongezeka. Dunia haijasimama chini, ni kwamba chini kwako ndo kuna ekseli.

Na hili nawaambia wote wanaotaka zile picha za mistari ya nyota: picha nyingi za mtandaoni zimepigwa Ulaya na Marekani, ncha iko juu, wanapata miduara kamili juu ya mlima. Sisi tukiangalia kusini tunapata nusu duara iliyokaa juu ya upeo, tukiangalia mashariki tunapata mistari inayopanda wima karibu imenyooka kabisa. Na hiyo ya mashariki mimi naipenda kuliko hayo maduara yao, mweke mnazi mmoja mbele uone.

#9 FundiLenzi
Binti kamaliza. Mada ifungwe.

#10 Kaka Kuvu
Haijafungwa bado. Mimi nauza na kutengeneza lenzi za mtumba, hizi 18-55 nimezishika nyingi sana. Tundu likiwa wazi kabisa f/3.5 hizi lenzi zina ugonjwa unaitwa koma, nyota za pembeni zinaota mkia au vimbawa vinavyoelekea nje ya katikati ya picha. Pembe za chini kwake hauonekani kwa sababu kule chini kumejaa maji na taa, nyota hazipo za kuonyesha ugonjwa! Mleta mada hebu zumu tena utuambie, mikia inafuata mzunguko mmoja au kila kona inaelekea kwake?

#11 Kijana wa Tegeta
Nimezumu. Katikati juu mikia mifupi imelala. Kona ya juu kulia mifupi pia. Kona ya juu kushoto ndo mirefu na imekaa mshazari.

#12 Kaka Kuvu
Si nilisema. Kushoto na kulia kuwa tofauti ni kioo kimoja ndani ya lenzi kimehama kidogo. Hiyo lenzi iliwahi kuanguka kabla hujainunua.

#13 Shangazi Pikseli
Taratibu kaka. Ulielekeza kusini kamili au uliisogeza kidogo mashariki ili upate na Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota? Maana kwa sasa, hii Juni na Julai, saa 3 usiku kile kitovu chake kinakuwa kinapanda kusini-mashariki. Kama uliisogeza huko, kona ya juu kushoto ndo inakuwa mbali zaidi na ncha, lazima ivutike zaidi. Halafu lenzi pana yenyewe inavuta vitu vya kona.

#14 Kijana wa Tegeta
Ndio niliisogeza mashariki, ila siyo sana.

#15 Kaka Kuvu
Kusogeza kidogo hakuwezi kuleta tofauti anayoisema. Nimesimama pale pale.

#16 Mtu wa Rongai
Na mimi nimesimama kwa tripodi.

#17 Mzee wa Kimbiji
Hili la mwanga wa chungwa mmelirukia wote. Kijana, Bagamoyo iko kaskazini ya Dar. Ukisimama Bagamoyo ukaangalia kusini unaipiga picha Dar es Salaam, na kelele zake zote za taa, hata mwezi usipokuwepo. Ukitaka anga la kusini vuka mji uende upande wa pili. Kimbiji, au ushuke Mkuranga mpaka kule Rufiji, mji unaubeba mgongoni. Bagamoyo nenda kama unataka kupiga mashariki juu ya bahari au kaskazini. Watu wanaangalia ramani ya barabara, wanasahau kuangalia mji uko upande gani wa kamera.

#18 Shangazi Pikseli
Nakazia. Kuna kipimo cha giza kinaitwa Bortle, jina la mtaalamu wa Marekani aliyekitoa mwaka 2001, kinaanza 1 giza la jangwani mpaka 9 katikati ya jiji. Ukiwa kwenye 4 kushuka chini ndo Njia Nyeupe inaanza kuonyesha yale mawingu meusi ya katikati.

#19 Dogo Shata
Mleta mada mambo mengi ya nini, punguza sekunde ziwe 10, pandisha ISO mpaka 6400, sensa itakusanya mwanga mwingi zaidi.

#20 Shangazi Pikseli
ISO haikusanyi mwanga dogo. Mwanga unakusanywa na tundu na muda, basi. ISO inakuza kile kilichokwisha kuingia, pamoja na uchafu wake.

#21 Dogo Shata
Sawa shangazi ila chukua Canon ya zamani upige ISO 400 halafu uipandishe mwanga kwenye kompyuta, uipige tena kwa 1600 bila kuipandisha, linganisha. Ya 400 inatoka na chenga nyingi na michirizi. Sasa kama ISO haina kazi hiyo tofauti inatoka wapi?

#22 Shangazi Pikseli
Sijasema haina kazi. Hizo chenga zinaingia wakati kamera inasoma sensa, kwa Canon za miaka ile zinapungua ukipanda mpaka 1600 hivi. Ukipita hapo unapoteza rangi za nyota kubwa, zote zinakuwa nyeupe.

#23 Dogo Shata
Kwa hiyo niko sahihi.

#24 Binti Pangani
Dawa ya chenga ni kupiga picha nyingi siyo kubishana ISO. Piga sekunde 13 au 14, picha 16 au zaidi mfululizo, halafu zipandanishe kwenye kompyuta. Sequator ni ya bure kwa Windows, Siril ya bure pia kwa kompyuta aina zote. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili, yaani picha 16 zinashusha chenga mpaka robo. Na mwisho kabla hujafunga, funika lenzi na kifuniko chake upige nyingine kadhaa za giza tupu kwa setingi zile zile, pale pale kwenye joto lile lile, usisubiri ufike nyumbani. Programu inazitumia kufuta zile doa nyekundu na za buluu ambazo siyo nyota.

#25 Mshamba wa Pixel
Mnateseka sana ndugu zangu. Google Pixel kuanzia ile ya 4 ya mwaka 2019 ina modi ya nyota, unaiegesha kwenye mfuko wa maharage inapiga yenyewe picha 15 za sekunde 16, jumla dakika 4, inazipandanisha yenyewe. Iphone nazo zikiegeshwa vizuri zinafika sekunde 30. Laptopu ya nini?

#26 Kaka Kuvu
Na Samsung inakuchorea mwezi kabisa, hata kamera huitaji.

#27 Mshamba wa Pixel
Hiyo stori nayo imekuzwa tu.

#28 Kaka Kuvu
Imekuzwa vipi? Mwaka 2023 jamaa mmoja alichukua picha ya mwezi akaiharibu makusudi mpaka ikawa ukungu mtupu, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa akaipiga na Samsung akiwa mbali, simu ikatoa mashimo ya mwezi ambayo kwenye skrini hayakuwepo. Kampuni wenyewe wakatoa maelezo kwamba simu ikitambua ni mwezi, akili bandia inaongezea undani. Sasa hiyo ni picha yako au ni yao?

#29 Dogo Shata
Na mwezi kwa kamera ya kawaida ni rahisi tu, ISO 100, f/11, shata 1/100, basi. Watu wanaupata mweupe pee kwa sababu wanapiga kwa setingi za usiku wakati mwezi umepigwa na jua kama jiwe la mchana.

#30 FundiLenzi
Leo dogo kaongea.

#31 Mwana Nzega
Ngoja niwaambie kitu ambacho hakipo kwenye hayo mahesabu. Huku kwetu giza ni la bure, nje ya mji kidogo tu anga linakushukia. Shida ni watu. Nimeweka kamera shambani kwa mjomba, iko peke yake kwenye tripodi inapiga mfululizo, kataa kake kekundu kanawaka kanazima, mimi nimekaa pembeni nimejifunika blanketi. Wakaja sungusungu na tochi na marungu, wanaume wazima, wananiuliza natega nini. Ukisema napiga picha nyota saa 6 usiku unaona kabisa hawakuelewi, wanaangaliana. Ilibidi niwekee lenzi ya 55-250 nielekeze kwenye sayari ya Mshtarii, shata fupi chini ya sekunde moja, halafu nikawakuzia kwenye kioo cha kamera. Ukikuza unaona kile kinukta kikubwa na vingine vidogo vidogo vimejipanga kwenye mstari, ndo miezi yake minne mikubwa. Mmoja akauliza hivi ndo watoto wake? Nikasema ndio. Mkubwa wao akaishika kamera muda mrefu akasema basi tupige na sisi. Nimewapiga na marungu yao, fleshi wakafumba macho wote. Siku hizi napita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kuaga, ndo naenda shamba.

#32 Mzuka Mtupu
Fleshi kwenye uzi wa nyota 😂 shangazi asione.

#33 Binti Pangani
Mwenyekiti ni muhimu kweli. Na kwa sisi wanawake usiende peke yako hata pwani unayoijua. Na kwenye hifadhi msijidanganye, usiku hamruhusiwi kuzunguka na gari kivyenu, utapigia pale pale kambini.

#34 Mtu wa Rongai
Nyinyi mnaongea Juni na Julai kama ni sherehe. Huku Nairobi Juni mpaka Agosti ni mawingu asubuhi mpaka asubuhi, kile kitovu kiko juu ya kichwa usiku wa manane na huoni kitu. Lazima ushuke Magadi ama upande wa Amboseli ndio uone nyota. Mimi hupenda Februari na Machi, unaamka saa kumi usiku, kitovu kinatokea kusini-mashariki kabla ya jua na mawingu hayajafika.

#35 Mzee wa Kimbiji
Machi huku masika yanaanza, utaamka saa kumi uangalie mvua. Kila mtu na anga lake.

#36 Kijana wa Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Babu zangu Unguja, mimi huku nimezaliwa. Sisi mawingu hatuyajui, shida yetu vumbi na joto, sensa ikipata moto chenga zinajaa. Twapanda Jebel Shams au twaingia Sharqiya kwenye mchanga. Huku nyota ya kaskazini twaiona, nyuzi 23 na ushee juu, kwa hiyo mtu akiwa na kile kimota cha kufuata nyota anakilenga pale dakika mbili kamaliza, anapiga hata dakika tatu nyota duara. Nyie huko mwafanyaje? Nyota hiyo hamnayo.

#37 FundiLenzi
Hatuna. Ya kaskazini imezama, na ile inayokaa jirani na ncha ya kusini ni dhaifu mno, ikiwa nyuzi 6 au 7 tu juu ya upeo kwenye ukungu wa bahari huioni kwa macho. Watu wanalenga kwa dira na pima maji, halafu wanarekebisha kwa kuangalia nyota inakimbilia wapi.

#38 Seremala wa Tanga
Kimota cha nini, tengeneza cha mbao. Mbao mbili zimeungwa kwa bawaba, katikati bolti ya M6 inasukuma mbao ya juu. Bolti ya M6 ya kawaida kila mzunguko mmoja inapanda milimita 1. Ukiiweka milimita 228 na nusu hivi kutoka katikati ya bawaba, ukaizungusha mzunguko mmoja kwa dakika, mbao inafunguka sawasawa na mwendo wa anga. Unakaa na saa ya mshale unaizungusha robo kila sekunde 15 kwa mkono. Kamera unaiweka juu ya mbao. Bawaba ndo inalengwa kwenye ncha, na kwa sisi wa huku inalala karibu tambarare ikielekea kusini, inainuka hizo nyuzi chache tu, kwa hiyo hata meza ya kawaida inatosha. Bawaba isiwe na mchezo, hapo ndo penye siri yote. Hizi nyembamba za makabati hazifai, tafuta ya mlango, nzito, pini yake imebana.

#39 Kijana wa Ruwi
Mashallah. Weka picha ya hiyo mbao.

#40 Seremala wa Tanga
Nitaweka, simu yangu kamera imekufa.

#41 Mzuka Mtupu
Anatengeneza mtambo wa kufuata nyota, simu haina kamera. Nchi hii.

#42 Mwana Nzega
Nani alipiga ule mwezi mwekundu wa Septemba 2025? Huku ulikuwa wazi kabisa.

#43 Dogo Shata
Tarehe 7. Ulikuwa mwekundu kuanzia saa 2 na nusu usiku mpaka karibu saa 4, dakika 82. Hapo ile f/11 haifanyi kazi, mwezi ukiingia kivulini mwanga unashuka vibaya mno, ilibidi niende sekunde 1 na ISO 1600, halafu ukizidisha sekunde unaanza kuteleza.

#44 Mwana Nzega
Kama jua lilivyopatwa lote kule Rujewa 2016.

#45 Binti Pangani
Rujewa halikupatwa lote. Ile ya tarehe 1 Septemba 2016 ilikuwa ya pete, mwezi ulikaa katikati ya jua ukaacha ukingo unawaka pembeni. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria alieleza sana kipindi kile. Kupatwa kote ni giza kabisa, kulifika Kenya Novemba 2013, Turkana.

#46 Mtu wa Rongai
Usinikumbushe. Watu walienda mpaka Sibiloi, safari ya jasho, halafu dakika za mwisho dhoruba ya vumbi na wingu likafunika. Sekunde chache zenyewe.

#47 Kijana wa Ruwi
Njooni 2 Agosti 2027, njia ya kivuli yapita Luxor halafu Jeddah na Makka, Luxor ni zaidi ya dakika sita za giza. Sisi tushaanza kupanga gari.

#48 Wa Malindi
Mkizungumza anga na sisi wa Malindi tuko. Setilaiti ya kwanza duniani ya kupima mionzi ya eksirei ya nyota ilirushwa hapa kwetu baharini, jukwaa la Waitaliano la San Marco, tarehe 12 Disemba 1970, na kwa vile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru.

#49 Mzuka Mtupu
Iko wapi sasa?

#50 Wa Malindi
Ilishaanguka zamani. Zilizojaa sasa ni setilaiti za intaneti za Starlink, kila picha nikipiga baada ya magharibi kuna mchirizi.

#51 Mzee wa Kimbiji
Wazee wetu walikuwa wanaangalia Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizokaa pamoja. Kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa hivi kimeshazuka alfajiri mashariki, kijana kipige hicho, ndo rahisi kuliko Njia Nyeupe.

#52 Wa Malindi
Hapo mzee ndipo tunapobishana kila mwaka huku, wengine wasema hiyo jua na mvua ni ya siku ile ile kinapozama, wengine wasema ni msimu mzima.

#53 Mzee wa Kimbiji
Msimu. Baba yangu alikuwa mvuvi.

#54 Wa Malindi
Na wangu pia alikuwa mvuvi, alisema siku.

#55 FundiLenzi
Mkizozana mzozane, Kilimia kitafute kwa ile 50mm f/1.8, ndo lenzi ya bei rahisi yenye tundu kubwa. Ila hapo sekunde ni 6 tu kwa ile ya 500, kwa NPF ni pungufu zaidi. Fokasi usitegemee alama ya ukomo kwenye lenzi, nyingine hazina hata hiyo alama. Weka ya mkono, washa skrini, kuza mara 10 kwenye nyota kubwa, zungusha taratibu mpaka nyota iwe ndogo kuliko zote, halafu bandika kipande cha gundi ya karatasi pete isihame.

#56 Kaka Kuvu
Na nyie wa pwani umande. Ikifika saa 7 usiku kioo cha mbele kinalowa, picha zinaanza kuwa laini laini mnadhani ni fokasi. Vipo vitambaa vya joto vya kufunga kwenye lenzi, vinachomekwa kwenye pawabenki. Ukirudi nyumbani usiifungie kamera kwenye begi ikiwa na unyevu, kuvu wanaota ndani ya vioo, wakishashika wanakula mpaka rangi ya kioo. Vile vifuko vya punje vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu msivitupe.

#57 Kijana wa Tegeta
Wakuu nimerudi. Nimepanda juu ya paa hapa Tegeta, mwanga wa mji ni wa kufa mtu ila nyota kubwa zinaonekana. Nimepiga sekunde 5, IS nimezima, taima 10, dumu nimening'iniza. Mikia imeisha karibu yote. Ila kona ya juu kushoto bado kuna kamkia kadogo ukizumu sana.

#58 Shangazi Pikseli
Imeisha kwa sababu ya sekunde. Asante, tumefunga hesabu.

#59 Kaka Kuvu
Imebaki kushoto kwa sababu ya kioo. Sekunde 5 kwa 18mm ni pikseli moja na nusu, haiwezi kuonekana mkia.

#60 Mtu wa Rongai
Imeisha kwa sababu ya dumu.

#61 Binti Pangani
Mbona jaribio ni rahisi. Piga picha moja kawaida, halafu geuza kamera juu chini upige sehemu ile ile ya anga. Kamkia kakibaki upande ule ule wa anga ni mzunguko, kakihamia kona ya chini kulia ya anga ni lenzi.

#62 Kijana wa Tegeta
Hii tripodi yangu ukigeuza kamera kichwa chini inaanguka yote.

#63 Kaka Kuvu
Iegeshe kwenye mfuko wa mchele, skrini juu au chini yote sawa. Na f uipandishe iwe 5.6 kwenye picha ya tatu, koma itapungua uione.

#64 Shangazi Pikseli
Ukipandisha f mwanga unapungua zaidi ya nusu na nyota dhaifu za kona zinapotea, utasema koma imepona kumbe nyota ndo hazipo.

#65 Mzee wa Kimbiji
Wa Dar wanaotaka kuja Kimbiji mwezi ukiandama waseme mapema niongee na mjumbe. Usiku wa kwanza na wa pili tu, baada ya hapo mwezi unachelewa kuzama.

#66 Dogo Shata
Mimi natokea Mbagala Rangi Tatu. Mwenye gari anipitie, mafuta nachangia, ila tochi za simu humo njiani tuzime mapema, macho yanataka kama nusu saa kuzoea giza.

#67 Mwana Nzega
Na mkutane na mjumbe mchana, siyo saa 6 usiku.